Mkeka na chuma: kuchagua na kuchanganya yoga na mazoezi ya nguvu Unguja na Pemba

Hapa kwetu mambo haya mawili yanaishi mbalimbali. Yoga iko pwani, Paje, Jambiani, Nungwi, kwenye mabanda ya makuti yanayotazama bahari, na wengi wanaokunja miguu pale ni wageni. Vyuma viko mitaani, kwenye vyumba vya jim vyenye kioo kimoja na feni moja, au uani kwa mtu aliyejaza saruji kwenye makopo mawili ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba. Wa kule hamjui wa huku. Ndiyo maana anayeuliza "nianze na kipi?" hupata jibu kulingana na aliyemuuliza. Mwalimu wa yoga atamwambia vyuma vinakakamaza mwili. Kijana wa jim atamwambia yoga ni kujinyoosha tu, kazi ya watalii.

Niseme msimamo wangu mapema, ili unaposoma ujue naelemea upande gani. Kwa watu wengi wa visiwa hivi, chuma ndicho cha kuanza nacho, siku mbili kwa wiki, kisha yoga ipangwe kukizunguka. Yoga si dhaifu, na huko mbele nitaitetea. Ila sehemu kubwa ya kile ambacho mgeni analipia dola pale bandani, wengi wetu tunacho tangu utotoni.

Fikiria siku ya kawaida. Watu wanakula wameketi chini. Katika nyumba nyingi choo ni cha kuchuchumaa. Anayeswali faradhi tano anatimiza rakaa 17, maana yake sijda 34, na kila rakaa ina kwenda chini na kuinuka. Ibada si mazoezi, na sijda haikuwekwa kwa ajili ya nyonga. Lakini goti, nyonga na kifundo cha mguu vinavyokunjwa na kukunjuliwa hivyo kila siku havikakamai kirahisi. Mwambie mtu wa Ulaya aliyezoea kiti maisha yake yote achuchumae visigino vikiwa vimekaa chini, uone. Atahitaji miezi ya mkeka kufika alipo bibi yako anayekuna nazi juu ya mbuzi.

Kinachokosekana katika siku hiyo ni uzito unaoongezeka.

Chuma kinafanya nini, mkeka unafanya nini

Misuli hujengeka inapodaiwa zaidi ya ilivyozoea. Miaka ya 1940, akiwatibu askari waliojeruhiwa katika hospitali ya jeshi mjini Chicago, daktari Thomas DeLorme aliacha desturi ya kuwapa wagonjwa uzito mdogo wa kurudia mara nyingi. Akawapa uzito mkubwa na kuuongeza kidogo kidogo kadiri nguvu zilivyorudi. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1945, na mpaka leo ratiba nzuri ya jim imejengwa juu ya wazo hilohilo. Kwa vitendo ni hivi: chagua uzito unaoweza kuunyanyua mara 8 hadi 12 bila mwili kuanza kujipinda, pumzika dakika mbili, rudia mpaka mizunguko mitatu. Siku utakayofikisha 12 katika mizunguko yote, ongeza uzito. Basi.

Hili si la vijana wanaotaka vifua tu. Kuanzia miaka 30 hivi, asiyefanya mazoezi hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake katika kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu yanayogusa misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki, mbali na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Hivi vikundi vyetu vya mazoezi vinavyokimbia barabarani alfajiri, na ambavyo hujaa barabarani kila Januari mosi, vinamaliza hizo dakika vizuri kabisa. Deni linalobaki ni nguvu.

Je, yoga haiwezi kulilipa? Kwa muda, ndiyo. Anayeanza, akishikilia pozi la ubao, la kiti na la shujaa kwa pumzi tano tano, miguu itamtetemeka na miezi michache baadaye atakuwa na nguvu zaidi kuliko alivyokuwa. Kisha anafika ukingoni, kwa sababu uzito anaoubeba ni wa mwili wake mwenyewe, nao hauongezeki (au ukiongezeka, si kwa namna aliyoitaka). Unaweza kurefusha muda wa kushikilia, na hilo hujenga ustahimilivu, lakini miguu hasa hudai zaidi ya hapo.

Kuna pengo jingine ambalo watu wa yoga hawalisemi sana: mkekani hakuna cha kuvuta. Unasukuma ardhi kwa mikono, tena mara nyingi mno, lakini hakuna kitu cha kuvutia kwako. Misuli ya mbavu kwa nyuma, ya katikati ya mabega na ya mbele ya mkono hubaki inatazama tu. Mvuvi anayevuta nyavu hana shida hiyo. Karani anayeshinda na kompyuta ofisini, kisha jioni akafanya salamu ya jua (mfululizo wa pozi za yoga za kuinama, kujishusha na kuinuka) mara kumi na mbili, anaongeza kusukuma juu ya mabega yaliyokwisha kuinamia mbele.

Sasa upande wa pili, maana chuma nacho kina upungufu wake. Jim ya mtaani humfunza mtu kunyanyua, haimfunzi kusikiliza. Yoga humlazimisha apunguze mwendo mpaka ajue bega lipi liko juu ya jingine, mguu upi unabeba zaidi, na maumivu yapi ni ya misuli kufanya kazi na yapi ni ya kiungo kulalamika. Usawa wa kusimama kwa mguu mmoja haufundishwi kwenye benchi la kulalia. Mgongo wa juu, ule unaojikunja kwa sababu ya simu, hufunguka kwa pozi la nyoka (kulala kifudifudi na kuinua kifua) kuliko kwa zoezi lolote la kifua. Na kwa maumivu sugu ya kiuno yoga ina ushahidi mzuri: utafiti uliofanywa Boston na kuchapishwa 2017, wenye watu wazima 320, ulilinganisha yoga na matibabu ya fiziotherapia, na baada ya wiki 12 yoga haikuachwa nyuma.

Kuhusu unyumbufu, ambao ndio watu wengi huufuata kwenye yoga, mizani si kama inavyodhaniwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2021 ulionyesha kwamba kunyanyua uzito kwa mwendo kamili, yaani kushuka mpaka chini na kupanda mpaka juu, huongeza unyumbufu karibu sawa na kujinyoosha. Anayekakamaa kwa vyuma ni yule anayefanya nusu mwendo: anashuka kidogo, anapanda haraka, anatazama kioo. Kwa maneno mengine, chuma kikifanywa vizuri hukupa sehemu ya kile cha yoga, lakini yoga haikupi sehemu kubwa ya kile cha chuma. Mizani yangu imelalia hapo.

Pumzi nayo inafaa kutajwa, kwa sababu ndipo wanaofanya vyote viwili hujichanganya. Yoga inafunza pumzi ndefu, tulivu, ya puani. Uzito mzito unataka tumbo likazwe na hewa izuiwe kidogo wakati wa kupita pale pagumu, ili mgongo upate egemeo. Ukiingia kwenye uzito mkubwa na pumzi laini ya mkekani, kiuno kitakosa kinga. Ila kuzuia hewa hupandisha presha ya damu kwa ghafla, hivyo mwenye presha atumie uzito wa wastani na atoe pumzi wakati wa kunyanyua. Huyohuyo, na mwenye presha ya macho, akae mbali na pozi za kichwa chini miguu juu, hata mwalimu akimhimiza vipi.

Njia tatu za kuvifunga pamoja

Ya kwanza ni kutenga siku: Jumatatu na Alhamisi chuma, Jumanne na Jumamosi yoga. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye nafasi ya siku nne, hata kama kila siku ni dakika 40 tu. Kila zoezi linapata mwili usiochoka. Msuli uliofanyishwa kazi nzito unahitaji kama siku mbili kabla ya kurudiwa, na yoga ya polepole katikati huondoa ule ugumu wa maungo bila kuudai tena.

Neno la msingi hapo ni "ya polepole". Yoga ni nyingi. Ashtanga na vinyasa zina mapozi ya kujishusha na kujisukuma yanayorudiwa tena na tena, na kwa mabega na viganja hayo hayana tofauti na pushapu. Aliyesukuma chuma akiwa amelala benchi Jumatatu akaingia darasa la vinyasa Jumanne amefanya mabega siku mbili mfululizo, kisha anashangaa kwa nini bega linamchoma anapovua kanzu. Basi siku inayofuata baada ya ile ya kusukuma chagua hatha ya taratibu, au yin, ile ya kukaa katika pozi dakika tatu hadi tano ukiwa umelegea. Vinyasa iache kwa siku inayofuata baada ya ile ya miguu.

Njia ya pili ni siku moja, vyote viwili. Inamfaa mwenye familia na kazi, anayepata siku mbili tu. Hapa mpangilio ndio kila kitu: chuma kwanza, mkeka baadaye. Kunyoosha msuli mmoja kwa zaidi ya sekunde 60 mfululizo kabla tu ya kunyanyua hupunguza nguvu zake kwa muda. Si kwa kiasi kikubwa, lakini kwa nini uingie kwenye uzito ukiwa umejipunguza? Kabla ya chuma fanya salamu ya jua mara tatu au nne bila kusimama popote, mwili upate joto. Halafu nyanyua. Halafu tandika mkeka dakika 15: nyonga, mgongo wa juu, kifua, na umalizie kwa kulala chali huku pumzi ikirudi. Usitafute kuvunja rekodi ya kunyumbuka wakati huo. Misuli iliyochoka haikuonyi vizuri unapopita mpaka.

Ya tatu ndiyo inayopendwa kwenye simu: kushika vidambeli vya kilo moja au mbili na kufanya pozi za yoga navyo, kupinda na kusukuma juu kwa wakati mmoja. Inatoa jasho na inapendeza kwenye video. Ninaiona ni ya mwisho katika zote tatu, na sababu ni ya kimwili. Ukisimama kwa mguu mmoja ukiwa na uzito mkononi, utakachoshindwa kwanza ni usawa, msuli ukiwa bado haujaguswa vya kutosha. Kwa hiyo uzito hauwezi kupanda, na bila kupanda unarudi kulekule kwa kabla ya DeLorme. Utulivu wa yoga nao umekwisha kuondoka, maana akili iko kwenye dambeli lisikuangukie kidoleni. Kwa kijana mwenye nusu saa na hana pengine pa kufanyia, ni bora kuliko kukaa barazani. Kwa mtu mzima mwenye wasiwasi wa kuanguka, aiache.

Nani aelemee wapi

Wanawake wa mwani ndio ninaopenda kuanza nao, kwa sababu ushauri wa jumla unawapita pembeni. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo kazi kubwa imekuwa mikononi mwa wanawake. Wakati wa bamvua wanainama majini kwa saa nyingi wakifunga mbegu kwenye kamba, kisha wanabeba mzigo uliolowa mpaka ufukweni. Kumwambia mtu huyo aende jim Jumatatu na Alhamisi ni kutojua maji. Kalenda yake ni ya bahari: siku za bamvua asiongeze uzito wowote, afanye dakika kumi za mkeka jioni, na pozi zake ziwe za kurudi nyuma, nyoka na daraja, siyo kuinama mbele, ambako ndiko alikoshinda tangu asubuhi. Siku za maji mafu ndizo za nguvu. Na zoezi lake kuu liwe kuinua mzigo kutoka chini kwa nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, magoti yamelegea kidogo. Akilijua hilo vizuri kwa dumu, atalitumia kwa gunia.

Mchumaji karafuu wa Pemba yuko kinyume chake. Kwa msimu mzima anapanda, anajivuta, ananing'inia na kushika tawi kwa mkono mmoja huku mwingine ukichuma. Ana nguvu za kuvuta ambazo vijana wa jim wanazilipia kila mwezi. Kinachomfaa msimu ukiwa umepamba moto ni yoga ya jioni kwa mabega, viganja na nyayo. Vyuma asubiri mpaka karafuu ziishe, na hapo aelekeze kwenye miguu na kusukuma.

Dereva wa bodaboda au daladala na mtu wa ofisini wanaingia kundi moja: nyonga zimefungwa, mabega yamekuja mbele, miguu haina kazi. Hawa ndio pekee ambao ningewaambia waende nusu kwa nusu tangu siku ya kwanza. Na kama kiuno kimekwisha kuanza kuuma, waanze na yoga wiki sita au nane, kisha waingize uzito polepole. Maumivu yakishuka mguuni au mguu ukifa ganzi, hapo si jim wala mkeka, ni hospitali.

Kijana anayeshinda jim siku sita hahitaji kuambiwa anyanyue. Anahitaji kubadilisha siku mbili kati ya hizo kuwa mkeka, na najua hatakubali mpaka bega limkatae.

Kwa wanawake waliovuka miaka 45 au 50 nina msimamo mkali zaidi. Baada ya hedhi kukoma mifupa hupungua uzito kwa kasi, na hapa kwetu mama wa umri huo huambiwa na kila mtu apumzike, asibebe kitu, wanawe wapo. Wanampenda, lakini ushauri wenyewe si mzuri. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2018 uliwachukua wanawake waliokoma hedhi wenye mifupa iliyopungua, wakanyanyua uzito mkubwa hasa, nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi 8, chini ya usimamizi. Mifupa yao ya uti wa mgongo iliongezeka, wakati wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani walipungua. Usimamizi ndio sharti. Si jambo la kujaribu peke yako na bomba la saruji. Yoga kwa umri huo ibaki kwa ajili ya usawa, maana mifupa mingi huvunjika mtu anapoanguka. Akiwa na mifupa iliyokwisha kudhoofika, aepuke pozi za kujikunja mbele kwa nguvu na za kujipinda mpaka mwisho.

Na kuna wale ambao viungo vyao vimelegea kwa asili, kiwiko kinarudi nyuma, kidole gumba kinakunjwa mpaka kugusa mkono chini ya kiganja bila shida. Darasani ndio wanaosifiwa. Kwao yoga ya kunyoosha ni kuongeza maji kwenye chai iliyokwisha kupoa. Wanyanyue vyuma, viungo vipate kushikiliwa na misuli.

Mahali, fedha na dumu la maji

Darasa la yoga la hotelini limepangiwa bei ya mgeni, na mara nyingi saa zake ni za mtu aliye likizoni. Ukiwa Paje au Jambiani jioni, uliza kama wana bei ya mwenyeji. Sehemu nyingine wanayo, ila haijaandikwa ubaoni. Pemba madarasa ni haba, kwa hiyo mwalimu wako wa mwanzo atakuwa simu. Si vibaya, mradi uchague anayeeleza polepole, na umwombe mtu akupige picha ya ubavu ulinganishe. Jim za mtaa ni rahisi kuzipata mjini, nyingi ni za wanaume kwa desturi zaidi kuliko kwa kanuni. Mwanamke aulizie saa za wanawake kabla ya kulipa mwezi mzima, na kama hazipo wakijikusanya watano sita wakaziomba, mwenye jim ni mfanyabiashara, atasikia.

Lakini vyote viwili vinawezekana uani. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Likiwa nusu ni 10, na kila lita unayoongeza ni kilo moja, kipimo kizuri kuliko saruji usiyoijua uzito. Ukitaka zito zaidi katika ukubwa mdogo, mchanga mkavu: dumu la lita 5 linakaribia kilo 8. Kwa kuvuta, egemea mkono mmoja kwenye baraza, mgongo ukiwa sambamba na ardhi, na kwa mkono wa pili vuta dumu mpaka ubavuni. Kwa miguu, lishike kifuani uchuchumae. Kwa nyonga, liinue kutoka chini. Kwa kusukuma, pushapu, mikono ikiwa juu ya baraza kama ya chini inakushinda. Hayo manne yanatosha mwaka mzima.

Mkeka wa ukindu ni mzuri kwa kulala na kukaa, si kwa kusimama pozi la shujaa juu ya sakafu ya saruji iliyolainishwa. Unateleza. Fanya peku juu ya sakafu yenyewe, na mkeka uuweke kwa mapozi ya chini.

Suala la dini

Linaulizwa, tena kwa haki, na mwalimu wa kigeni mara nyingi halielewi. Ndani ya ulimwengu wa Kiislamu majibu hayakuwa mamoja. Baraza la Fatwa la Malaysia mwaka 2008 lilitoa katazo kwa yoga iliyofungamana na maneno na taratibu za ibada. Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua yoga kama shughuli ya michezo. Mimi si mtoa fatwa. Ninachoweza kusema ni kwamba pozi na pumzi vinafanya kazi yake mwilini bila wimbo wowote, kwa hiyo muulize mwalimu kabla ya darasa kama kuna kuimba na kuinamia chochote, na ukiona moyo haujatulia mwendee sheikh unayemwamini, au chukua mazoezi ya kunyoosha na usawa ukayafanya kwako bila kuyapa jina.

Joto, chakula na Ramadhani

Huko baridini kuna aina ya yoga inayofanywa ndani ya chumba kilichopashwa joto mpaka nyuzi 40 hivi. Januari na Februari, kaskazi ikiwa imesimama na unyevu umejaa hewani, sisi tumekaribishwa chumba hicho bure. Fanya chuma alfajiri baada ya swala au jioni jua likishuka. Mkeka unavumilia saa nyingine, chini ya kivuli. Dafu ni zuri baada ya jasho, lina potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni ndogo; aliyetoka jasho la kulowesha fulana ale na kitu chenye chumvi kidogo, isipokuwa kama ana presha na daktari amemzuia.

Chakula kinagusa chuma zaidi kuliko yoga. Anayejenga misuli analenga kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani 112 kwa mtu wa kilo 70. Yai moja lina gramu 6 hivi, samaki wa gramu 100 karibu 20. Kwetu hilo halihitaji unga wa makopo: dagaa, pweza, changu, kunde na choroko za nazi vipo sokoni. Sahani ya wali yenye kipande kidogo cha samaki pembeni ndiyo inayohitaji kugeuzwa. Urojo ni mtamu, sina ugomvi nao, ila usiuhesabu kama chakula cha baada ya vyuma mpaka umezidisha yai na mishikaki.

Mwezi wa Ramadhani mpangilio unabadilika. Yoga ya taratibu inakaa vizuri nusu saa kabla ya futari, bila pozi za kujisukuma na bila kichwa chini, kwa sababu aliyefunga huweza kupata kizunguzungu akiinuka ghafla. Chuma kiende baada ya tarawehe, ukiwa umekula na kunywa, mizunguko miwili badala ya mitatu, uzito ubaki uleule. Mwezi huu unatunza ulichonacho, huongezi. Idi ikipita, wiki ya kwanza anza na robo tatu ya uzito uliokuwa ukiunyanyua Shaabani, na usiruke hatua hiyo hata kama siku ya kwanza unajisikia mwepesi.